Kelele za Watu Wenye Haya

Kwenye muziki wa roki tumezoea kugawa kazi: gitaa likinguruma, mpigaji kakasirika, likidonolewa taratibu, anabembeleza. Albamu inayofanya yote mawili huitwa "mchanganyiko", na wahakiki wengi huishia hapo. Ndivyo ilivyoipata albamu ya nane ya bendi ya Kimarekani Yo La Tengo, iliyotoka Aprili 1997 kupitia lebo ya Matador kwa jina refu la I Can Hear the Heart Beating as One. Husifiwa kwamba ina kila kitu: roki ya makelele, nyimbo za mapenzi za taratibu, bosanova, kantri, hata kipande cha kinanda kinachounguruma zaidi ya dakika kumi bila mtu kufungua mdomo. Sifa hiyo si ya uongo. Lakini kuwa na kila kitu ni sifa unayoweza kuipa hata stesheni ya redio.

Mimi naisikia vingine. Katika nyimbo zake 16, albamu hii ina jambo moja la kusema, na wenye kulisema wanaona haya kulitamka. Ni mapenzi ya watu waliokwisha kuoana, wanaoishi pamoja, wanaofanya kazi pamoja, na ambao hawana ujasiri wa kusimama mbele za watu na kuyatangaza. Basi wanatafuta pa kujifichia. Wakati mwingine wanajificha kwenye kunong'ona, wakati mwingine kwenye kelele.

Ushahidi uko kooni mwao. Roki ya Marekani ya miaka ile ilikuwa na kanuni yake, na Nirvana ndio walioieneza dunia nzima kuanzia 1991: beti za chinichini, kisha kiitikio cha kupasua koo. Gitaa likipanda, mwimbaji anapanda nalo. Kwa Yo La Tengo gitaa linapanda peke yake. Ira Kaplan, anayepiga gitaa na kinanda, na mkewe Georgia Hubley, anayepiga dramu, wanaendelea kuimba kwa sauti ileile ya sebuleni hata pale amplifaya zinapokaribia kuungua. Punde maneno yanafunikwa. Inabidi usogeze sikio, urudishe nyuma, usikilize tena. Kuipandisha sauti ya mwimbaji ni kazi ya kidole kimoja kwenye mixa. Prodyuza Roger Moutenot, aliyerekodi nao kazi hii Nashville, Tennessee, aliiacha chini wimbo baada ya wimbo, na jambo linalorudiwa mara zote hizo halitokei kwa bahati mbaya.

Chukua wimbo wa tatu, "Sugarcube". Ukiusikia kutoka chumba cha pili utasema ni roki ya kawaida ya vijana: ngoma za kukimbia, gitaa chafu, ari tele. Ukikaa ukayafuata maneno, unakuta mwanamume anatoa ahadi za nyumbani kabisa. Atafanya lolote analotakiwa. Atajaribu kujiamini zaidi, kuwapo zaidi anapokuwapo, kupunguza wasiwasi wake. Hayo ni maneno ya mume anayejua kakosea na anataka mambo yaishe, na yangeweza kuimbwa kwa gitaa moja na machozi mawili. Kaplan ameyafunika kwa makelele kwa sababu, nadhani, bila makelele asingeyasema kabisa.

Video ya wimbo huo inathibitisha kwamba wanajijua. Iliongozwa na Phil Morrison, na ndani yake wamo wachekeshaji Bob Odenkirk na David Cross. Bosi wa lebo anaiona video ya bendi imepooza mno, hivyo anawapeleka chuo cha roki wakafundishwe jeuri za jukwaani. Wanabendi wote watatu wanakaa darasani na sura za wanafunzi waliokosea chumba. Ni kichekesho kizuri, na ni uhakiki mkali kuliko mwingi ulioandikwa kuwahusu: hawa ni watu waliokosa kile ambacho roki inakidai kwanza, yaani majigambo.

Inasaidia kujua walikotoka. Bendi ilianzishwa mwaka 1984 Hoboken, mji mdogo wa New Jersey unaotazamana na Manhattan ng'ambo ya mto Hudson. Kaplan alikuwa mwandishi wa habari za muziki, aliandikia jarida la New York Rocker, na alishika mitambo ya sauti katika ukumbi wa Maxwell's pale Hoboken. Hubley ni binti wa watengeneza katuni mashuhuri, John na Faith Hubley. Wazazi hao walikuwa na mtindo wa kurekodi maongezi ya watoto wao wakicheza, kisha kuyachorea filamu. Georgia na dada yake Emily wanasikika katika Windy Day ya mwaka 1968. Kwa hiyo mmoja alizoea kuandika juu ya wengine na kuwarekebishia sauti akiwa nyuma ya ukumbi, na mwingine alirekodiwa angali mtoto bila kuombwa asimame mbele ya hadhira. Hakuna hata mmoja aliyelelewa kuwa nyota. Mpiga besi James McNew, aliyeingia mwanzoni mwa miaka ya 1990, hakuja kuwabadilisha. Naye aliongeza ukimya wake juu ya ukimya wao. Albamu ya 1993, Painful, ndiyo iliyowaonyesha watatu hao namna ya kuiweka kelele chini ya wimbo badala ya juu yake. Hii ya 1997 ilivuna kilichopandwa pale.

Wenye kuijua historia watasema hakuna jipya hapa, na kwa sehemu wana haki. The Velvet Underground, bendi ya New York, walikwisha kuweka nyimbo laini na vurugu za viola kwenye santuri moja mwaka 1967. Undugu wa bendi hizi mbili unajulikana kiasi kwamba katika filamu ya I Shot Andy Warhol, iliyotoka 1996, Yo La Tengo ndio walioonekana wakiiga nafasi ya Velvet Underground. Ndugu wawili wa Uskoti, Jim na William Reid wa The Jesus and Mary Chain, walitoa Psychocandy mwaka 1985: nyimbo tamu za mapenzi zilizozamishwa kwenye ule mlio unaosikika harusini maikrofoni ikisogezwa karibu na spika. Mwaka 1991 Kevin Shields na bendi yake, My Bloody Valentine, wakaunyoosha mlio huo ukawa ukungu mtupu.

Lakini angalia kila mmoja aliutumia kwa kazi gani. Kwa akina Reid kelele ilikuwa uchokozi. Maonyesho yao ya 1985 yalijulikana kwa ufupi wake na kwa fujo, kukiwamo ghasia katika chuo kimoja cha kaskazini mwa London, na utamu wa nyimbo ulikuwa chambo. Kwa Shields kelele ni ndoto. Huwezi kumtambua anayependwa wala anayependa, kila kitu kimeyeyuka. Kwa Yo La Tengo watu wanabaki watu. Kuna mlango, kuna sherehe, kuna nguo ya baridi, kuna maneno yaliyokwama. Kelele imewekwa katikati ya maisha ya kawaida, na hapo ndipo ninapoona upya wao.

Nguo hiyo ya baridi imo kwenye wimbo wa nane, "Autumn Sweater", ambao wengi huutaja kwanza bendi hii inapotajwa. Hapa gitaa limewekwa kando. Kuna kinanda kinachovuma noti nene, besi inayotembea, na ngoma zenye mdundo wa kuzunguka ambao ungeweza kuuchezea kama ungekuwa mtu wa kucheza. Kaplan anaimba kama mwenye kuogopa kusikika chumba cha pili. Mlango umebishwa, pumzi imemkatika, anajiuliza kama bado anaweza kughairi. Anachotaka ni kuchopoka pale alipo na mtu wake, yeye akiwa hana la kusema na mwenzake akiwa ndani ya sweta lake la majira ya kupukutika majani. Basi. Hakuna tamko, hakuna sifa za macho wala nywele. Mpenzi anaelezwa kwa sweta tu, na lile kwamba hana la kusema linasemwa waziwazi, kisha kinanda kinaachiwa kumalizia.

Hapa tunaona kwamba wimbo wa taratibu na wimbo wa makelele kwao ni kitu kimoja. Kwenye "Sugarcube" maneno yapo na yamefunikwa. Kwenye "Autumn Sweater" kifuniko kimeondolewa, na tunakuta maneno nayo hayakuwa mengi.

Msikilizaji aliyekulia kwenye rumba ya Kongo au muziki wa dansi wa Dar es Salaam ana faida mbele ya albamu hii, na pia ana mtego. Faida ni kwamba amezoea wimbo wa mapenzi wenye sehemu mbili: mwanzo wa taratibu, mwimbaji akililia penzi lake, kisha sebene, magitaa yanachachamaa na maneno yanapungua hadi kubaki majina ya watu na vibwagizo. Gitaa kuingilia mapenzi si ajabu kwake. Mtego ni kudhani kazi ni ileile. Sebene ni ya kadamnasi. Inawainua watu vitini, na penzi la mmoja linakuwa sherehe ya ukumbi mzima. Kelele za Kaplan hazimwinui mtu. Zinawafungia ndani wawili waliomo, nasi tunasikilizia nje.

Pa kuusikia mpaka huo vizuri zaidi ni "Stockholm Syndrome", wimbo wa saba. Anaimba McNew, kwa sauti nyembamba ya juu inayowakumbusha wengi mwimbaji wa Kanada Neil Young, na muziki ni mwepesi, wa mtu aliyekaa kibarazani. Dakika ya kwanza inapita hivyo. Halafu linaingia gitaa la Kaplan, chafu, limejaa mikwaruzo, halijabisha hodi wala halijaulizia funguo za wimbo ziko wapi. Linapiga solo fupi, linaondoka, na McNew anaendelea kuimba palepale, hakuna lililotokea. Bendi nyingine ingeitumia solo hiyo kuupandisha wimbo hadi kilele. Hawa wanairuhusu ipite. Kila nikiisikia nawaza nyumba ambamo mmoja kafoka ghafla jikoni, kisha kila mtu kaendelea kula. Si ugomvi. Ni kitu kilichokuwa kimejaa kikamwagika kidogo.

"Damage", wimbo wa nne, unafanya kinyume chake. Mwimbaji anataja kwa sauti ya chini mno mtu aliyekuwa akimuwaza muda wote, na nyuma yake magitaa yanalia kwa mbali bila kukaribia. Kelele ipo tangu mwanzo mpaka mwisho, imepunguzwa tu. Ukiongeza sauti ya redio yako utaikuta inangoja. Mara unaingia "Deeper Into Movies" na ile iliyokuwa inangoja inafunguliwa yote. Mpangilio huo wa nyimbo nauona ni ufundi mkubwa kuliko wimbo wowote mmoja humu ndani. Baadaye, upande wa pili wa albamu, kuna wimbo wa kantri ambao sina la kuusema, na bosanova moja ya mume na mke, "Center of Gravity", inayopendeza na kusahaulika kwa kasi ileile.

Kuna lawama moja isiyopaswa kupuuzwa. Wapo wanaoona huu ni muziki wa wakusanya santuri: mwandishi wa zamani wa muziki anayejua kila kitu, na ambaye inapofika zamu ya kusema "nakupenda" anakimbilia kwenye kabati la nyimbo za wengine. Bendi hii kwa kweli ina tabia hiyo. Tangu katikati ya miaka ya 1990 wamekuwa wakienda kwenye redio ya WFMU ya New Jersey kuichangishia fedha kwa kupiga papo hapo wimbo wowote ambao msikilizaji anaomba, wawe wameufanyia mazoezi au la. Na kwenye albamu hii wameimba upya nyimbo mbili za watu. Moja ni "Little Honda" ya The Beach Boys ya mwaka 1964, wimbo wa kusifu pikipiki ndogo. Sisi ambao Honda tunaijua kwa kubeba magunia na abiria wawili tuna haki ya kutabasamu. Kaplan ameujaza mvumo wa gitaa mpaka pikipiki ndogo inasikika kubwa kuliko ilivyo, na mwaliko wa kijana kwa msichana apande nyuma unabaki mdogo vilevile chini yake.

Ya pili, inayofunga albamu, ni "My Little Corner of the World" ya Bob Hilliard na Lee Pockriss, iliyovuma mwaka 1960 kwa sauti ya Anita Bryant. Bryant huyo ndiye aliyekuja kuongoza kampeni dhidi ya haki za mashoga kule Dade County, Florida, mwaka 1977, na kwa Wamarekani wengi jina lake likabaki na doa hilo. Hubley anaichukua nyimbo hiyo ya mwaliko na kuiimba wazi, bila mapambo, akiwa na uhakika mdogo sana kwamba mwalikwa atakuja. Katika historia ya Velvet Underground kuna mfano wake: Moe Tucker, mpiga ngoma mwingine, asiyezoea kuimba, aliyepewa wimbo wa kufungia albamu yao ya 1969 na akauimba kwa sauti ya mtu anayetamani kuwa kwingine. Wenye kulaumu wanasema hili ni kuazima hisia. Jibu langu ni kwamba mtu mwenye haya huazima maneno, siku zote. Anatuma kadi iliyochapwa na mtu mwingine, anaomba wimbo redioni na kumtajia mtu wake. Kuazima huko kungekuwa udhaifu kama wangeazima ili waonekane wajuzi. Wao wameazima nyimbo mbili za kitoto kabisa, za pikipiki na za kona ndogo ya dunia, kwa sababu ndizo zinazosema moja kwa moja yale ambayo za kwao zinazungukazunguka.

Siwezi kutetea kila kitu. "Spec Bebop", wimbo wa 14, ndicho kile kipande cha kinanda nilichokitaja mwanzoni, na naona kimewashinda. Nadharia yangu ingetaka nikisifu: ndiyo kelele ndefu kuliko zote, basi ndiyo penzi lililofichwa kuliko yote. La hasha. Kelele ya kuficha inahitaji kuwa na kitu cha kuficha, na hapa hakuna wimbo chini yake. Ni watu watatu wanaofurahia mashine. Kuna hoja kwamba baada ya dakika hizo kumi "We're an American Band" inayofuata, ile duo ya polepole inayomezwa na gitaa mwishoni, inaingia kwa ahueni kubwa zaidi. Ahueni ya namna hiyo hupatikana pia ukizima jenereta.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2000, walitoa And Then Nothing Turned Itself Inside-Out, na pazia karibu lote likaondolewa. Wimbo mmoja tu ndio wa makelele halisi. Mwingine unasimulia jinsi wapenzi walivyoanza kupendana, na "The Crying of Lot G" unazungumzia kutoelewana kwa mke na mume kwa uwazi ambao mwaka 1997 usingewezekana. Wapo wanaoiona ndiyo kilele chao. Ni albamu ya watu waliojifunza kusema, na naiheshimu. Hata hivyo naiona ya 1997 ndiyo ya kweli zaidi, kwa kuwa ndoa nyingi ninazozijua hazikai kwenye mazungumzo hayo ya wazi. Zinakaa kwenye ahadi zinazotolewa huku bomba la maji likiwa limefunguliwa, kwenye samahani inayosemwa mtu akiwa kageuka upande wa pili.

Wala haya hayajawaisha. Albamu yao ya 2023, This Stupid World, waliyojirekodia wenyewe bila prodyuza, inafunguliwa na zaidi ya dakika saba za gitaa linalogugumia katika "Sinatra Drive Breakdown", wimbo uliopewa jina la barabara ya Hoboken, mji aliozaliwa Frank Sinatra. Nyimbo chache mbele yake Hubley anaimba "Aselestine", na sauti yake iko palepale ilipokuwa 1997, haijapanda hata kidogo.

Mwenye kutaka kuanza na albamu hii ya 1997 asianzie mwanzo. Kile kipande kifupi cha ufunguzi kisicho na maneno ni utani wa ndani kuhusu kuku wa pilipili wa Nashville, na kinaeleweka zaidi mtu akiwa ameshazoeana nao. Aanze na wa tatu, aende moja kwa moja hadi wa nane bila kuruka, kisha arudi kwa mengine kwa wakati wake. "Spec Bebop" aiweke mpaka siku jirani akiwa safarini.